UZI: Goti linacheza baada ya kuwekewa ligamenti mpya. Tupime kwanza kabla ya kusema "imekatika tena"

#1 Fizio wa Kiwanja

Wakuu, salaam. Kuna swali halikauki humu: mtu kafanyiwa upasuaji wa ligamenti ya msalaba ya mbele (ACL), kidonda kimepona, miezi imekwenda, lakini goti bado linamwachia. Kabla hajashikwa goti na mtu anayejua kulipima, ameshaambiwa moja kati ya mawili: "imekatika tena" au "kazana na mazoezi, litakaza lenyewe." Nimefungua uzi huu kwa sababu majibu yote mawili yanaharibu magoti ya watu.

Tuanze na maneno ya mgonjwa mwenyewe. "Goti linacheza" ni neno moja lenye matatizo tofauti ndani yake.

Kuna goti linalozama. Mtu anakwenda njia iliyonyooka, anashuka ngazi au anainuka kitini, goti linakunjika ghafla bila yeye kutaka. Hakuna kitu kilichohama mahali pake. Hapo mshukiwa wa kwanza ni msuli wa mbele wa paja.

Kuna goti linaloteleza. Mguu umekanyaga chini, mwili unageuka, na mtu anahisi muundi umechomoka ukarudi. Baada ya saa chache goti limevimba. Mwambie akuonyeshe kwa mikono: mara nyingi ataweka ngumi moja juu ya nyingine, kisha atazisugua zikipishana. Ukiona hivyo, fikiria kipandikizi chenyewe (ile ligamenti mpya) au ligamenti nyingine iliyoachwa bila kutibiwa.

Halafu kuna goti linalokwama. Halinyooki mwisho, au linanasa katikati mpaka alitikise. Huyo hana ulegevu, ana kitu kimeziba: kipande cha meniska (kile kitakio cha gegedu kati ya mifupa ya goti), au uvimbe wa kovu uliojijenga mbele ya kipandikizi.

Ukikosea hapo mwanzoni, kila kinachofuata kitakosewa. Daktari Bisturi na Dada Mazoezi, karibuni.

#2 Kocha wa Ndondo

Asante mkuu. Niulize la wachezaji. Kijana ana miezi 8, daktari kamvuta goti kasema kipandikizi ni imara, na jimu anakwenda. Kwa nini msuli uendelee kukosa nguvu? Na paja limebaki jembamba vilevile.

#3 Dada Mazoezi

Kocha, shida haiko kwenye msuli peke yake, iko pia kwenye amri inayoufikia. Goti lililojeruhiwa na kujaa maji hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo na ubongo, na msuli wa mbele wa paja unazuiwa kufanya kazi. Haihitaji maji mengi. Mililita 20 hadi 30, yaani kama vijiko viwili vya chakula, zinatosha kuuzubaisha ule msuli wa ndani wa paja juu ya goti. Kwa hiyo anayefanya skwati juu ya goti lililovimba anabebesha mzigo msuli ambao umeshapunguziwa amri. Anachoka, anapata maumivu, na paja haliongezeki.

Maji hupimwa kwa viganja tu. Mgonjwa alale chali, goti limenyooka na paja limelegea. Futa upande wa ndani wa goti kutoka chini kwenda juu mara mbili au tatu, kisha shusha kiganja upande wa nje huku macho yako yakiwa kwenye kile kibonde cha ndani. Wimbi dogo likirudi pale, kuna maji. Kama kibonde kinajaa chenyewe hata kabla hujagusa upande wa nje, ni mengi: siku hiyo usiongeze uzito wala kuruka. Punguza kazi, barafu dakika 15, inua mguu, pima tena kesho yake. Maji yaliyoongezeka asubuhi baada ya zoezi yanasema dozi ya jana ilizidi.

La pili ni kunyooka. Goti lisilonyooka hadi sifuri haliwezi kuamsha msuli wa paja vizuri, na mtu atatembea amekunja goti siku nzima. Mlaze kifudifudi, magoti yakiwa ukingoni mwa kitanda na miguu ikining'inia, kisha linganisha urefu wa visigino. Tofauti ya sentimita 1 ni takriban nyuzi 1. Dawa yake ni ya kuchosha lakini inafanya kazi: kisigino juu ya taulo lililokunjwa, goti likiwa hewani, dakika 10, mara tatu au nne kwa siku. Kama wiki zinapita na mwisho wake ni mgumu kama umegonga kitu, usimlazimishe. Mrudishe kwa daktari aangalie ule uvimbe wa kovu.

La tatu ndilo linalowakamata vijana wa jimu. Skwati ya miguu miwili inaficha udhaifu. Mguu mzima unabeba, mguu uliopasuliwa unasindikiza, na kwa macho zoezi linaonekana safi. Weka mizani mbili za bafuni, kila mguu juu ya mizani yake, ashuke taratibu huku wewe ukisoma namba. Utaona kilo zinavyohamia upande mzima. Dawa ni mguu mmoja mmoja: kupanda na kushuka kibao, skwati ya mguu mmoja hadi kwenye benchi, na mashine ya kunyoosha goti ukiwa umekaa.

Hiyo mashine wengi wanaiogopa kupita kiasi. Inaruhusiwa kuanzia wiki ya 4, ila kwa mipaka: nyuzi 90 hadi 45 tu mwanzoni, wiki ya 5 hadi 30, wiki ya 6 hadi 20, wiki ya 7 hadi 10, wiki ya 8 mwendo mzima. Aliyetolewa kano ya pia ya goti ili itengenezwe kipandikizi anaweza kuongezewa uzito ndani ya mipaka hiyo. Aliyetolewa kano za nyuma ya paja asiwekewe uzito wa ziada kwenye mashine hiyo wiki 12 za mwanzo, kwa kuwa kipandikizi chake kinashikana na mfupa polepole zaidi. Baada ya hapo ni kazi nzito kweli: seti 3 hadi 4 za marudio 6 hadi 12, siku 2 au 3 kwa wiki, ukimaliza kila seti umebakiwa na nguvu ya marudio mawili hivi. Anayemaliza seti huku anapiga soga hajafanya mazoezi ya nguvu.

#4 Fizio wa Kiwanja

Naongezea kipimo, maana "paja limerudi" kwa kuangalia tu hakuna maana. Hata utepe wa fundi cherehani unadanganya, kwa sababu unapima mafuta na uvimbe pamoja na msuli.

Kama huna mashine kubwa ya kupimia nguvu, tumia mizani ya kielektroniki ya kuning'iniza, ile ya wauza mizigo, inayosoma angalau kilo 100. Mgonjwa akae kwenye kitanda kigumu, goti nyuzi 90, mikono imekunjwa kifuani. Mkanda mpana upite juu kidogo ya kifundo cha mguu, uunganishwe na mizani, na mizani ifungwe nyuma kwenye mguu wa kitanda kisichosogea. Mkanda na mizani vivutike sambamba na sakafu. Asukume kwa sekunde 5, apumzike dakika 1, mara tatu, uchukue kubwa kuliko zote. Anza na mguu mzima. Gawanya namba ya mguu uliopasuliwa kwa ya mguu mzima, zidisha kwa 100. Kilo 42 kwa 58 ni asilimia 72, na mtu wa asilimia 72 goti litamzamia kwenye ngazi hata kama kipandikizi chake kina afya tele. Tunataka 90 kwenda juu.

Angalieni mkanda ukae umbali uleule kutoka kwenye goti pande zote mbili. Ukiteleza sentimita 3 juu, namba inabadilika na unajipa matumaini ya uongo. Na kwa aliyetolewa kano ya pia ya goti, usimsukumishe kwa nguvu zake zote mapema. Subiri angalau mwezi wa 3.

#5 Bisturi

Habari zenu. Nitazungumzia lile linaloteleza kweli.

Kwanza kipimo cha Lachman. Goti likunjwe nyuzi 20 hadi 30, mkono mmoja ushike paja, mwingine ushike muundi dole gumba likiwa kwenye mstari wa kiungo, kisha vuta mbele. Linganisha na goti zima kila mara, maana kuna watu waliozaliwa na viungo laini. Tofauti ya milimita 3 hadi 5 ni daraja la kwanza, 5 hadi 10 la pili, zaidi ya 10 la tatu. Lakini mkono unatafuta zaidi ya umbali: mwisho wa mvuto ukoje? Kamba nzima inagoma ghafla. Iliyokatika inaishia laini, bila ukomo unaoeleweka.

Wengi hupenda kuvuta goti likiwa nyuzi 90 kwa sababu ni rahisi. Tahadhari: kama ligamenti ya msalaba ya nyuma ndiyo imekatika, muundi unakuwa tayari umezama nyuma. Ukiuvuta unarudi mahali pake tu, na wewe unaandika kwamba ya mbele imelegea. Kaa pembeni utazame magoti yote mawili kwanza.

Kipimo cha pivoti, kile cha kuzungusha muundi kwa ndani huku ukikunja goti, ndicho kinachofanana na malalamiko ya mgonjwa. Mtu mwenye hofu anakaza misuli na kukuficha jibu. Wakati mwingine linapatikana chini ya nusukaputi tu.

Sasa sababu. Kosa la kiufundi linaloongoza ni tundu la kushikiza kipandikizi kwenye mfupa wa paja kutobolewa mahali pasipo pake. Likiwa mbele mno, kipandikizi kinakaza kila goti linapokunjwa: ama mgonjwa anashindwa kukunja, ama analazimisha mpaka kinatanuka. Likiwa wima mno, karibu na dari ya uwazi ulio kati ya vichwa viwili vya mfupa wa paja, kipandikizi kinazuia muundi kwenda mbele lakini hakizuii kuzunguka. Huyu ndiye mgonjwa anayezungushwa hospitali moja hadi nyingine: Lachman nzuri, kila mtu anamwambia yuko sawa, na akigeuka uwanjani goti linatoka. Pivoti ndiyo inayomtetea. Msikilizeni.

Unene nao una maana. Kipandikizi cha kano za nyuma ya paja chenye kipenyo chini ya milimita 8 kina hatari kubwa zaidi ya kushindwa, hasa kwa vijana chini ya miaka 20.

Halafu majeraha yaliyopitwa. Kona ya nyuma ya upande wa nje wa goti (ligamenti na kano za hapo) ikiachwa, kipandikizi kipya kinabeba mzigo wa watu wawili, na kitachoka. Mlaze kifudifudi, zungusha nyayo zote mbili kwenda nje, goti nyuzi 30 kisha 90. Upande ulioumia ukizidi kwa nyuzi 10 kwenye 30 peke yake, ni kona hiyo. Ukizidi kwenye 30 na 90, ligamenti ya msalaba ya nyuma nayo imo. Upande wa ndani pia usisahauliwe, pamoja na mchaniko wa meniska ya ndani kule nyuma inakoshikana na kifuko cha kiungo. Huo hauonekani kwa kamera ya upasuaji inayotazama kutoka mbele. Lazima kamera ipenyezwe hadi nyuma ya goti.

#6 Kocha wa Ndondo

Daktari, na yule ambaye kila kitu kilifanyika sawa, hakuanguka wala kugongwa, lakini kikalegea polepole?

#7 Bisturi

Huyo mpime mteremko wa uso wa juu wa muundi. Uso huo huinama kidogo kwenda nyuma kwa kila mtu. Ukizidi nyuzi 12, kila anapokanyaga uzito unasukuma muundi mbele. Ni gari lililoegeshwa mlimani: breki ya mkono haipumziki hata ukiwa umelala. Kipandikizi kinavutwa maelfu ya mara kwa siku bila ajali yoyote.

Jingine ni muda. Kipandikizi kikishawekwa hakiendi moja kwa moja kuwa ligamenti. Seli zake za awali zinakufa, mishipa mipya ya damu inaingia, nyuzi zinapangwa upya. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 hivi kiko katika hali yake dhaifu, na hapo hapo ndipo mgonjwa anapojisikia mzima, ametupa magongo na anataka kukimbilia daladala. Kupangika upya kunaendelea mwaka mmoja hadi miwili.

Na maambukizi: goti la moto, homa, maumivu yanayopanda badala ya kushuka, kidonda kinachotoa maji. Hilo ni la hospitali siku hiyo hiyo, halisubiri kliniki ya wiki ijayo. Vivyo hivyo shavu la mguu likivimba na kuuma.

#8 Chumba cha Picha

Naomba niwasaidie mnaoandika fomu, kwa sababu picha nyingi zinakuja hazijibu swali.

Eksirei ianze, kabla ya MRI (picha ya sumaku). Ya mbele mgonjwa akiwa amesimama, na nyingine amesimama amekunja magoti nyuzi 45. Ya pembeni iwe pembeni kweli, vichwa viwili vya mfupa wa paja vikiwa vimelaliana, na ionyeshe angalau sentimita 15 za muundi chini ya goti. Ikikatwa fupi, mteremko anaousema daktari haupimiki kwa uhakika. Kama mguu umepinda kwa ndani au nje, piga ndefu ya kutoka nyonga hadi kifundo cha mguu.

CT (eksirei ya kompyuta) ndiyo ya matundu ya kwenye mfupa: yako wapi, yamepanuka kiasi gani. MRI ni ya kipandikizi chenyewe, meniska na gegedu. Ila isomwe kwa kujua tarehe ya upasuaji. Katika mwaka wa kwanza kipandikizi kinaweza kung'aa kwenye picha kwa sababu mishipa ya damu inaingia, na msomaji asiyeambiwa tarehe anaweza kuandika "kimechanika nusu." Andikeni tarehe, andikeni kano ilitoka wapi, andikeni kama skrubu ni ya chuma. Mstari mmoja tu unaokoa mgonjwa na hofu ya bure.

#9 Mgeni Mpya

Shikamooni wakubwa. Bresi (vifaa vya kuvaa gotini) je? Duka la dawa wanauza za aina nyingi, nyingine zina vyuma pembeni.

#10 Dada Mazoezi

Marahaba. Ile ya kitambaa kinachobana inampa mtu hisia ya goti lake na kujiamini kidogo, haimzuii muundi kuteleza. Ya vyuma ina kazi yake pale daktari alipotengeneza na ligamenti za pembeni au meniska. Hapo fuata nyuzi alizoandika. Kwa ACL peke yake, kuvaa bresi kwa kawaida baada ya upasuaji hakujaonekana kuleta goti imara zaidi. Pesa hiyo ingemlipia vipindi vya mazoezi. Na anayevaa bresi mwezi wa 6 ili aweze kushuka ngazi apimwe nguvu ya paja leo, kwa namna aliyoeleza Fizio hapo juu.

#11 Fizio wa Kiwanja

Daktari, umalizie upande wako: ni nani arudi kwenye upasuaji?

#12 Bisturi

Arudi yule anayeteleza, vipimo vinaonyesha ulegevu, sababu imejulikana, na maisha yake yanahitaji goti linalogeuka. Ambaye goti linazama, na nguvu ya paja ni asilimia 65 ya upande mzima, huyo simpasui. Nikimpasua namwongezea uvimbe na kumrudisha sifuri.

Na kurudia upasuaji bila kujua sababu ni kupanda mbegu ileile kwenye shamba lilelile. Tundu likiwa mahali pabaya kabisa, tunatoboa jipya. Likiwa limepanuka hadi karibu milimita 14 au 15, wengi wetu tunakwenda kwa hatua mbili: kujaza mfupa kwanza, kusubiri miezi 4 hadi 6, CT ya kuhakikisha umejaa, ndipo kipandikizi. Mteremko uliozidi unaweza kusahihishwa kwa kukata kabari ya mfupa mbele ya muundi. Ni kazi kubwa, mara nyingi tunaiwekea walioshindwa zaidi ya mara moja.

Kwa vijana wenye pivoti kubwa kuna utepe wa nje. Tunachukua ukanda wa upana wa sentimita 1 hivi na urefu wa 8 kutoka kwenye utando wa nje wa paja, unabaki umeshikana chini, unapitishwa chini ya ligamenti ya nje na kufungwa kwenye mfupa wa paja. Mfaransa Marcel Lemaire alielezea njia ya namna hii mwaka 1967. Ikaachwa, kisha ikarudi kwa nguvu. Utafiti uliochapishwa 2020, wagonjwa 618 wa miaka 25 kushuka chini, wote kano za nyuma ya paja: baada ya miaka miwili vipandikizi vilivyokatika vilikuwa asilimia 11 kwa wasiowekewa utepe na 4 kwa waliowekewa. Hilo si jambo dogo.

#13 Kocha wa Ndondo

Na ruhusa ya kurudi uwanjani? Viongozi wa timu wanataka miezi 6.

#14 Fizio wa Kiwanja

Kocha, kataa. Kuna utafiti wa Oslo na Delaware wa 2016 ulioonyesha kwamba kila mwezi mmoja wa kuchelewa kurudi, mpaka mwezi wa 9, ulipunguza majeraha mapya ya goti kwa asilimia 51. Baada ya mwezi wa 9 kalenda peke yake haisaidii tena, vipimo ndivyo vinavyoamua. Virgil van Dijk, beki wa Liverpool wakati huo, aliumia ligamenti hii Oktoba 2020, akarudi kwenye ligi Agosti 2021, na huyo alikuwa na klabu yenye wataalamu wa kila aina.

Vipimo: nguvu ya paja 90 kwenda juu. Kuruka kwa mguu mmoja aina nne, mara moja kwa mbali, mara tatu mfululizo, kuvuka mstari kwa zigizaga, na mita 6 kwa saa ya kuhesabia. Kote 90 kwenda juu. Ila kuruka mbali kunadanganya, kwa sababu nyonga na kifundo cha mguu vinaweza kulipia deni la goti. Mrekodi kwa simu kutoka mbele na pembeni anapotua. Goti likiingia ndani, au akitua amelikaza bila kulikunja, hajafika, hata kama umbali umetimia. Halafu arudi kwa ngazi: mazoezi bila kugusana, kisha kugusana, kisha dakika 20 za mechi.

#15 Chumba cha Picha

La mwisho kutoka kwangu, kwa wagonjwa wanaosoma. Ombeni nakala ya ripoti ya upasuaji, mwipige picha kwa simu mbaki nayo. Iwe na tarehe, kano iliyotumika na kipenyo chake kwa milimita, aina ya skrubu au kitufe kilichoishikilia juu na chini, hali ya meniska zote mbili na kilichofanywa juu yake, na kama pivoti ilipimwa kabla na baada. Mkienda kwa daktari mwingine bila karatasi hiyo, ataanza kubahatisha.

#16 Bisturi

Naunga mkono. Na mwambieni daktari goti linafanya nini hasa: linazama, linateleza au linakwama; lilianza wiki ya ngapi; na linavimba baadaye au halivimbi.